Simu ya Mzee Koki

Daktari aliitaja Ijumaa kama mtu anayetaja siku ya kwenda kunyoa. Ijumaa asubuhi Mzee Koki ataingia chumba cha upasuaji, watatoa lile dude lililoota kooni, na kisanduku cha sauti kitakwenda nalo. Atapona, Mungu akijalia. Atakula, atatembea, atacheka. Kusema ndiyo basi.

Mwanawe alisikia yote akiwa amesimama, ingawa kiti kilikuwepo. Alikuwa fundi bomba kama baba yake, na watu walimwita Kiberiti kwa sababu hakuhitaji kusuguliwa mara mbili. Shule aliiacha njiani, akashika spana, hakuwahi kuangalia nyuma. Aliuliza swali moja tu.

"Sasa kazini tutaongeaje?"

Dada yake mkubwa akamgeukia. "Baba anakwenda kukatwa koo, wewe unauliza kazi?"

"Niulize nini sasa? Niulize rangi ya shuka?"

"Mungu wangu, huyu mtoto."

Baba yao hakuwasikiliza. Alikuwa anaangalia sinki la daktari, pale ukutani, koki inadondosha tone, tone, tone. "Mpira wa hiyo koki umekufa," akasema kwa ile sauti yake iliyobaki, kama mchanga unamwagwa kwenye ndoo. "Ni kazi ya dakika mbili."

Daktari akacheka kidogo, akasema atawaambia wanaohusika. Kiberiti hakucheka. Siku zilizobaki alizihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na kidole kikabaki.

Maana swali lake halikuwa la kijinga kama dada alivyodhani. Kwa mafundi bomba wengine sijui, ila hawa wawili walikuwa na sheria yao, na sheria ilikuwa ya mdomo. Mmoja anakaa kwenye valvu, ile koki kuu ya kufungia maji, mwingine anakaa kwenye bomba. Wa kwenye bomba haguzi kitu mpaka wa kwenye valvu atamke: nimefunga. Wa kwenye valvu haachii maji mpaka wa kwenye bomba ajibu: fungua. Hakuna kukisia, hakuna "nilijua umeshafunga". Zamani mzee aliwahi kufanya kazi na mwenzake aliyekisia, na maji yalikuwa ya moto. Yule mwenzake mpaka leo anavaa mikono mirefu, hata jua likiwaka vipi.

Basi mtu wa kutamka anaondolewa sauti. Utafanyaje?

Kiberiti akapata jibu usiku huohuo: simu. Si hiki kitochi cha batani ambacho baba alikibeba mfuko wa shati kama sabuni. Simu janja, itakayosema badala yake. Tutamrekodi mzee sasa hivi, sauti ipo, tutaiweka humo, akirudi kazini anabonyeza, inasema. Alimpigia dada yake kumwambia kabla hata hajamaliza kufikiri.

"Na mimi nilitaka kumnunulia simu," dada akasema. "Aifoni. Nyumbani kwangu wote tunatumia hiyo. Ikimkwama, hata mwanangu wa darasa la pili ataikwamua. Na akitoka hospitali anakuja kukaa kwangu, chumba nimeshakisafisha."

"Kukaa? Baba ni kuku wa kutamia?"

"Baba ni mgonjwa."

"Baba ni fundi!"

Kiberiti akakata simu. Ndivyo alivyokuwa. Ila ukweli wenyewe, ule ambao hakumwambia mtu, ulikuwa huu. Wateja walikuwa wa baba. Akili ya kazi ilikuwa ya baba. Yeye alikuwa na mikono na mbio. Mzee akienda kutamia, yeye atabaki na spana na jina la kuazima.

Jumanne wakaenda dukani wote watatu.

Mwenye duka la simu alikuwa mama mnene, mtaratibu, miwani imening'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Walimwita Mama Chaji. Wanaomjua wanajua tabia yake: hakuuzii mpaka umsimulie siku yako. Vijana wengi walikasirika wakaenda duka la jirani. Wengi pia walirudi baada ya wiki, wamenuna, wameshika kitu wasichokiweza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Haya, nisimulie siku yako ya jana. Toka ulipofumbua macho."

Mzee akafungua mdomo. Kiberiti akawahi.

"Anaamka saa kumi na moja, tunakwenda kazini. Mikono inalowa kutwa nzima. Anahitaji simu ya sauti kubwa, vitufe vikubwa, akibonyeza mara moja inasema. Basi."

"Nimemuuliza yeye."

"Koo linamuuma. Mimi ndiye ninayemsemea."

"Umeshaanza?" dada akamwambia. "Hata Ijumaa haijafika."

Mama Chaji akawaangalia mmoja mmoja, kisha akavaa miwani. Akatoa simu mbili, akaziweka kwenye kioo cha meza. "Sikilizeni. Dunia ya simu ina nyumba mbili. Hii ni aifoni. Nyumba yake unakabidhiwa imeshapangwa, kitanda kimetandikwa, getini pana mlinzi. Unalala kwa amani, ila usihamishe kabati. Hii nyingine ni androidi. Unapewa funguo. Paka rangi, hamisha mlango, toboa ukuta, hakuna wa kukuuliza. Ila ikivuja, umevujisha mwenyewe. Kote kuna watu wanalala na wanaamka. Mimi swali langu ni moja: nani analala humo?"

"Kutoboa ukuta ndiyo kazi yetu," Kiberiti akasema. "Tupe hiyo androidi."

"Na kwa hii ya kwangu ataonana kwa video na wajukuu," dada akasema. "Itaonyesha alipo. Ataandika, itanifikia."

"Mzee anaandika? Umewahi kuona mwandiko wake? Kuku mwenyewe angeomba radhi."

Mzee akacheka mpaka akakohoa, akashika koo. Mama Chaji akamsogezea ile androidi aweke kidole gumba, simu imjue. Simu ikakataa. Akaweka cha pili, ikakataa. Cha kushoto, ikakataa. Mama Chaji akamshika mkono, akaugeuza kwenye mwanga. Ncha za vidole zilikuwa laini kama kokoto za mtoni. Saruji, chokaa na bomba za moto zilikuwa zimefuta kila mstari.

"Mzee, wewe hata polisi hawakupati."

"Nimezeeka bila kufaidi," mzee akasema.

Wakachukua androidi. Si kwamba dada alikubali, alichoka. Mama Chaji aliwaambia wakaijaribu mpaka Alhamisi jioni, wakiona haifai wairudishe ikiwa nzima. Kisha akamwelekeza Kiberiti jinsi ya kubadili ule ukurasa wa mwanzo. Picha zote ndogondogo zikaondoka, vikabaki vitufe sita vikubwa, kila kimoja na rangi yake, kila kimoja na sauti yake ndani.

Jioni ile wakakaa chumbani kwa mzee, dirisha limefungwa, feni imezimwa isiingie kwenye sauti. Kiberiti alishika simu karibu na mdomo wa baba yake.

"Sema nimefunga."

"Nimefunga."

"Kwa nguvu, baba. Kama kazini."

"Nimefunga!"

Sauti ikapasuka mwishoni. Wakarudia. Nimefunga. Nafungua. Ngoja. Leta spana. Si hiyo. Simama hapohapo. Kila moja walirekodi mara tatu, mara nne, mzee anakunywa maji katikati. Ilipofika ya sita akauliza, "Haya ndiyo maneno niliyokuambia miaka yote hii? Ngoja na si hiyo?"

"Ndiyo unayotumia."

Mzee akatikisa kichwa, akajilaza bila kuvua viatu.

Jumatano walikuwa na kazi kwenye jengo la ofisi la ghorofa nne. Choo cha ghorofa ya juu kabisa, kiungo cha bomba kubwa kimeoza, kinabadilishwa. Tangi liko juu ya paa, na kati ya paa na choo kuna kidirisha cha hewa ambacho ukiongea juu unasikika chini. Mahali pazuri pa majaribio, Kiberiti akasema. Walikubaliana hivi: leo mdomo wa mzee hautumiki. Leo tunafanya kama Ijumaa imeshapita.

"Una hakika?" mzee aliuliza.

"Sasa tutajuaje kama inafaa?"

"Haya. Imepita."

Mzee akapanda ngazi, simu mfukoni. Alichelewa, kama kawaida yake siku hizi. Kila ghorofa alisimama, akagusa bomba la ukutani, akaliangalia juu mpaka chini. Kiberiti alikuwa ameshamtangulia, ameshapanga vifaa, ameshapiga magoti kwenye vigae.

"Umefunga?" akapaza sauti kidirishani.

Kimya.

"Baba! Umefunga?"

Akasikia viatu juu ya paa, kitu kinakwaruza, basi. Akangoja. Kungoja kwake kulikuwa kama kwa chungu cha maziwa: mara tu kinatulia, mara kimemwagika. Karani wa ofisi akachungulia mlangoni. "Vipi, mafundi, bado? Watu wamebanwa huku."

"Tayari, tayari."

Akatazama bomba. Akalipiga na spana, akasikiliza. Lililia kama bomba tupu, au yeye ndiye aliyetaka lilie hivyo. Atakuwa ameshafunga, akajiambia. Akaweka spana, akazungusha.

Maji yakamkuta kifuani, yakamkalisha chini. Tangi zima lilikuwa nyuma yake. Yaligonga ukuta, yakageuka, yakapita mlangoni chini ya miguu ya karani, yakaingia kwenye korido yenye zulia. Mtu akapiga kelele kwamba mafaili yanalowa. Kiberiti akalikumbatia bomba kwa mikono miwili, akakandamiza kiganja kwenye tundu, maji yanampiga usoni, hasemi hata moja, maana akifungua mdomo anakunywa. Ilichukua muda mrefu. Kisha yakapungua, yakawa uzi, yakaisha.

Alipanda paani mbiombio, amelowa chapachapa.

Baba yake alikuwa amekaa kwenye msingi wa tangi, anahema. Valvu ilikuwa nzito, imeota kutu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umechubuka. Simu ilikuwa pajani. Kioo chake kilikuwa kimelowa maji yanayovuja kwenye valvu, hakisikii kidole, na shati alilolitumia kukifutia lilikuwa limelowa zaidi.

"Nilikuuliza mara mbili!" Kiberiti akafoka. "Kwa nini hukusema?"

Mzee akanyanyua simu, akabonyeza kitufe chekundu, kile cha ngoja. Kimya. Akabonyeza tena kwa kidole kingine. Kimya.

"Si ungesema tu kwa mdomo! Sauti si unayo!"

"Ijumaa imepita," mzee akasema polepole. "Si ndivyo tulivyopatana? Nikirudi kazini ningesema na nini?"

Kiberiti akalikamua shati lake.

"Valvu ilikuwa bado nusu," baba yake akaendelea. "Nilikusikia. Nilibonyeza mpaka kidole kikafa ganzi. Nikajiambia, atangoja. Nimemfundisha mwenyewe, atangoja." Akakohoa. "Na leo maji yalikuwa ya baridi."

Chini, karani alikuwa anamwita mtu kwa jina la ukoo wa punda. Kiberiti akachuchumaa. Alitazama mikono yake.

"Mimi peke yangu siwezi, baba."

Ilitoka hivyohivyo, bila kupangwa, kwa sauti ndogo kuliko aliyoitaka.

"Mikono unayo. Unachokosa ni kutulia, na hicho sikukupa kwa sababu nilikuwepo. Ulikimbia, nikakushika." Mzee akaifuta simu, akampa. "Yule mama aliniuliza siku yangu. Ukamjibu wewe."

"Sasa unataka nini? Sema. Nakusikiliza."

"Twende kwanza tukapige deki zulia la watu. Kesho nitasema, nikiwa nimekaa kwenye kiti."

Alhamisi mchana walirudi kwa Mama Chaji, na dada akaja na sare yake ya kazini. Mama Chaji hakuuliza kwa nini simu imerudi. Alisogeza kiti, akasema, "Haya mzee. Toka ulipofumbua macho."

Kiberiti aliegemea ukuta, akauma ulimi kwa meno kweli kweli.

Mzee alisimulia. Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote Kiberiti alizowahi kuzisikia kutoka kwake, na ilikwenda kwa vipande, na katikati ya vipande wote walisikia pumzi. Anaamka saa kumi na moja kwa mazoea, ila mwili unaamka saa mbili. Herufi ndogo hazioni. Na ngazi. Toka mwanzo wa mwaka ngazi zimemshinda. Kila ghorofa anasimama, anashika bomba la ukutani anajifanya anakagua, kumbe anatafuta pumzi. Mabomba yale hayana tatizo lolote. Ameyakagua mabomba mazima ya mji mzima.

Dada akaziba mdomo kwa mkono. Kiberiti aliangalia sakafu. Alikuwa ameona kwa macho yake, siku baada ya siku, na alichokiona ni mzee anachelewesha kazi.

"Paani sipandi tena," mzee akasema. "Sitaki simu ya kunisemea. Nimesema ya kutosha. Nataka ya kuona. Nikae kwa huyu binti yangu, na huyu akiwa na kiungo kimemshinda anionyeshe, nikione vizuri, rangi yake, nyuzi zake. Kichwa cha kutikisa ninacho."

"Na ikikukwama nani atakusaidia?" Mama Chaji akauliza.

Mzee akamwonyesha dada kwa kidevu.

"Anatumia gani?"

"Aifoni," dada akasema, bila kumtazama mdogo wake, bila kuringa.

"Basi hapo hakuna kesi. Atakayekuwa karibu na wewe ndiye anayechagua nusu ya simu. Unaihitaji iwe imeshapangwa, mzee, huna mpango wa kutoboa." Akatoa moja iliyotumika, kioo kipana, akakuza herufi mpaka neno moja likajaza mstari. Badala ya kidole akaiachia iwe inaangalia uso. Mzee akaitazama, ikafunguka.

"Angalau uso sijaufuta," akasema.

Mama Chaji akaivuta ile androidi. "Hii niirudishe kwenye za kuuza? Hizi sauti humu nizifute?"

"Futa," mzee akasema. "Ni kelele za kazi tu."

"Usifute." Kiberiti alijitenga na ukuta. "Naichukua mimi. Yangu ina ufa."

Hakuna aliyebisha. Nje, baba na dada wakapanda gari la kukodi kwenda hospitali kulazwa. Kabla hajafunga mlango mzee alitaka kusema kitu, akaangalia juu, kwenye mfereji wa paa la duka. "Umelegea ule," akasema. Gari likaondoka.

Ijumaa ikaja, ikapita.

Wiki ya kwanza Kiberiti alikwenda hospitali kila siku, akakaa kwenye kiti. Baba yake alikuwa na bandeji na tundu chini ya koo, pumzi inatokea pale kwa mlio wake. Waliangaliana. Kiberiti alijaza kimya kwa maneno mpaka muuguzi akamwambia apumzike, mgonjwa amechoka kusikiliza. Wiki ya pili alifanya kazi peke yake, ndogondogo, masinki na mabomba ya bafuni. Moja ilivuja, akarudi akairekebisha bila kumwambia mtu. Jina la utani la baba yake liliendelea kuitwa kwenye simu: Mzee Koki yupo? Anajibu: Nipo mimi.

Wiki ya tatu aliitwa jikoni kwa mama mmoja mtu mzima, kiungo chini ya sinki kimekataa kukauka. Alikiunga mara mbili. Mara zote mbili, baada ya muda mfupi, kikaota jasho. Alikaa sakafuni, mgongo kwenye kabati. Akatoa simu, akapiga ya video.

Alijibu dada yake, kisha picha ikayumba, ikamkuta mzee kwenye kiti cha dirishani, amevaa miwani, kitambaa cheupe shingoni. Alikuwa amekonda. Akainua mkono.

"Baba, angalia hiki," Kiberiti akaanza, "nimekifunga tepu, nimekaza, halafu nikafungua nikafunga tena, nadhani hizi nyuzi..."

Mzee akatikisa kidole.

"Anasema usitikise," sauti ya dada ikaja toka pembeni. "Unakimbiza simu, hatuoni kitu."

Akanyamaza. Aliingiza kichwa na bega ndani ya kabati, akawasha tochi, akaegemeza kiwiko kwenye goti. Akaishikilia. Kwenye kioo baba yake alisogea, akasogea zaidi, mpaka likabaki jicho moja na fremu ya miwani. Lilikwenda polepole kuzunguka kiungo. Likasimama. Likarudi. Mkono wa Kiberiti ukaanza kuuma begani, akaubana kwa mkono wa pili. Hakujua ni dakika ngapi.

Jicho likarudi nyuma, uso ukaonekana. Mzee akatikisa kichwa.

"Wapi?"

Kidole kikapanda, kikaelekea kushoto, kikachora duara dogo. Kiberiti aligeuza tochi. Nyuma kabisa, pale ambapo spana inafika lakini jicho halifiki, ukingo wa bomba ulikuwa umekatwa mshazari, wembamba wa kucha. Hapo hata ukifunga tepu roli nzima, maji yatapita. Ilibidi kukata upya, kutoa kila kitu, kuanza mwanzo.

Mwenye nyumba akaingia jikoni, akamwona ameinama ndani ya kabati anaitikia kwa kichwa. "Kijana, unaongea na nani humo?"

"Na fundi," Kiberiti akasema. Aliisimamisha simu kwenye mguu wa sinki, akaisogeza mpaka baba yake akaonyesha kidole gumba kwamba anaona, ndipo akachukua msumeno.